Aweze Kuongea, Asiweze Kuimba

Machi 3, Jumapili

Shajara hii nimepewa na kifungua mimba wangu. Ameileta leo pamoja na kalamu mbili, akaiweka juu ya cherehani yangu kabla hata hajakaa.

"Mama, simu sita kwa siku siwezi. Bosi wangu ameshaanza kuniangalia vibaya. Ukipata wasiwasi juu ya baba, andika humu kwanza. Ukimaliza kuandika na bado moyo unakudunda, hapo ndiyo unipigie."

Nimemwambia mimi si mtu wa wasiwasi. Amecheka mpaka akashika ukuta.

Haya, naandika. Baba yake amesinzia kitini. Anapumua.

Machi 5, Jumanne

Tumetoka kwa daktari wa moyo. Niyaandike yote kabla sijayachanganya.

Daktari ni kijana, umri wa mwanangu wa mwisho, ila anaongea kama mtu aliyekwisha kuzika wengi. Amesema moyo wa Mzee, mume wangu, umelegea. Hausukumi damu inavyotakiwa, ndiyo maana anahema akipanda vidaraja vitatu vya kibaraza chetu, na ndiyo maana miguu inavimba jioni. Vidonge ataendelea navyo, lakini peke yake havitoshi. Moyo ni msuli, na msuli usipopewa kazi hulala. Anataka Mzee afanye mazoezi ya kumtoa jasho na kuuendesha moyo mbio, nusu saa kila mara, siku tano kwa wiki, mpaka mvua zikatike. Hapo atampandisha kwenye baiskeli yenye mashine ampime upya.

"Na asipofaulu?" nikauliza.

"Tutaongea habari za upasuaji, mama. Na kwa moyo ulivyo leo, siwezi kukuahidi kwamba atatoka chumba kile."

Aliyasema hayo mbele ya Mzee mwenyewe. Mzee alikuwa anaangalia sinki la daktari, ambalo bomba lake lilikuwa linadondosha. Alikuwa fundi bomba miaka arobaini, hawezi kukaa chumba kimoja na tone la maji akatulia.

Kisha ikaletwa picha ya magoti. Miaka yote ile ya kupiga magoti chini ya masinki ya watu imesaga gegedu linalotenganisha mifupa, sasa mfupa unakutana na mfupa. Asikimbie, asiruke, asipande ngazi nyingi.

"Kwa hiyo moyo ukimbie, magoti yakae," Mzee akasema. "Nifanyeje, daktari? Nipae?"

Daktari akacheka, akasema tutafute zoezi litakalomfaa: baiskeli ya kukalia, maji, chochote kisichogonga magoti. Kisha akatupa kipimo. Mzee akiwa kwenye zoezi, aweze kuongea, asiweze kuimba. Akiweza kuimba, anazembea. Akishindwa kuongea, amezidisha, asimame mara moja.

Njia nzima nimekuwa nikiyarudia midomoni. Aweze kuongea, asiweze kuimba.

Machi 6

Mvua ya kwanza. Mzee kalala kitini na redio inaongea. Shemeji yangu, mume wa dada, alifariki hivyo hivyo mwaka juzi, kitini, redio ikisoma taarifa ya habari. Dada alimwita mara tatu aje kula, na mara ya tatu alimwita kwa hasira. Hiyo hasira ndiyo inayomla mpaka leo.

Nimeizima redio. Mzee kafumbua macho, kaniuliza kwa nini nazima wakati anaisikiliza.

Machi 9

Tumejaribu kutembea haraka barabarani. Nilitembea pembeni yake nikiwa nimebeba maji, mwavuli, vidonge na kiti kidogo cha kukunja. Alipoona kile kiti aligoma kuongozana nami, akavuka upande wa pili. Tukatembea hivyo, kila mtu na upande wake, nikimuuliza maswali kwa kupaza sauti nione kama anaweza kuongea. Anaweza. Alinijibu neno ambalo siliandiki.

Machi 10

Goti la kulia limevimba kama mkate. Barabara basi.

Machi 14

Kifungua mimba ametuma video ya mazoezi ya sebuleni. Dada wa kwenye video anaruka huku anatabasamu. Mzee aliruka mara moja. Kikombe cha kabatini kilianguka, na yeye akakaa chini akishika goti, akasema yule dada bado hajui maisha.

Machi 18

Jimu. Baiskeli ya kukalia ipo, nzuri, ina kiti cha kuegemea. Vijana wamejaa, muziki unapiga hadi meno yanatikisika. Mzee alikalia, akapiga pedeli mbili tatu, akasikia inalia. Akashuka, akaomba spana. Akaifungua yote. Tuliporudi nyumbani baiskeli ilikuwa haitoi mlio wowote na Mzee hakuwa na hata tone la jasho, mikono tu imejaa grisi. Meneja amemwambia arudi siku yoyote bila malipo.

Siku zinakwenda. Jana usiku miguu ilivimba mpaka soksi iliacha alama. Mimi ndiye ninayeiona ile alama, yeye anavaa suruali ndefu.

Machi 23

Tumepata! Bwawa la kuogelea la mji, lile lenye paa la mabati. Asubuhi kuna darasa la watu wazima, hawaogelei, wanatembea ndani ya maji yanayowafika kifuani. Mwalimu wao ni mwanamke mfupi mwenye filimbi shingoni, wanamwita Kamanda. Kanieleza vizuri: maji yanambeba mtu, kwa hiyo magoti hayana mzigo, lakini maji hayohayo yanamkinza akisogea, kwa hiyo moyo lazima ufanye kazi.

Mzee aliingia akikunja uso kama anayekunywa dawa. Baada ya dakika kumi alikuwa anasukuma maji kwa viganja, kifua mbele. Alipotoka alinyoosha goti, akalikunja, akalinyoosha tena. Haliumi. Nilimkausha mgongo kwa taulo mbele ya watu na machozi yalinilenga.

Machi 26

Mvua kubwa. Mvua ikipiga yale mabati hamsikilizani kabisa, na mimi niko ukingoni, Mzee yuko kule katikati, nitajuaje kama anaweza kuongea? Basi ikabidi nipige kelele.

"Mzee! Bomba la uani umelifunga?"

Akaitikia kwa kichwa. Kichwa si kuongea.

"Bomba! La uani! Umelifunga?"

"Nimelifunga!"

Alhamdulillahi, anaongea.

Machi 28

Nimemuuliza tena bomba, na kama amekunywa vidonge, na kama kile kidonda cha kidole kimepona. Amejibu yote.

Aprili 1

Maswali yanaisha. Leo lililonijia haraka lilikuwa kama amepata choo tangu juzi. Mvua ilikatika ghafla nikiwa katikati ya sentensi.

Amejibu. Kwa sauti ndogo, lakini amejibu.

Aprili 2

Mzee anasema nisijisumbue tena kwenda naye, nguo za wateja zimelundikana. Kweli zimelundikana. Ameondoka peke yake na taulo begani. Nimeshona zipu kichwa chini miguu juu.

Aprili 3

Amerudi, nywele mbichi. Salama.

Aprili 4

Salama.

Aprili 9

Salama. Huku nyumbani nimeondoa kila kinachoweza kumchosha. Ndoo nabeba mimi, ufagio nimeuficha nyuma ya mlango, viatu namfunga kamba mwenyewe. Nguvu zake zote ziende bwawani.

Aprili 15

Mbona bado anahema kwenye vidaraja? Nimempigia kifungua mimba. Ameniuliza nimeandika kwanza? Nimesema ndiyo. Uongo.

Aprili 19

Leo nilipomkaribia kumpangusa kichwa, kuna kitu kilinikaa puani, ila sikukijua ni nini. Nimekuja kukijua sasa hivi nikianika taulo. Tatizo halikuwa harufu, tatizo ni kwamba harufu haipo. Ile siku ya kwanza taulo, nywele, hata mfuko wa nguo, vyote vilinuka dawa ya maji ya bwawa kwa siku nzima. Taulo hili linanuka poda.

Poda ya nini?

Aprili 22, Jumatatu

Niandike polepole.

Asubuhi mvua ilimwagika kama imefunguliwa na mtu. Mzee alikwishaondoka. Saa yake ya kurudi ikapita, nikampigia, simu ikaita humu humu ndani, kumbe ameisahau. Nilikaa, nikasimama, nikakaa. Kisha nikachukua mwavuli nikaenda bwawani, njia imejaa maji, ndala zinanichubua, na kila hatua namwona shemeji kitini.

Kamanda alikuwa anapanga maboya. Nikamuuliza Mzee wangu yuko wapi. Akanitazama kwa huruma, huruma ambayo mtu humpa mwenye msiba.

"Mama, kaa kwanza. Mzee sijamwona huu mwezi. Tangu siku zile ulipoacha kumsindikiza."

Nimeuliza mara mbili. Akasema hivyo hivyo mara mbili.

Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa fupi kweli, maana poda ilinipeleka moja kwa moja. Kinyozi wake, yule wanayemwita Wembe, yuko mtaa wa pili tu. Mlango ulikuwa wazi. Wazee watatu wamezunguka ubao wa drafti, mmoja ni mume wangu, nywele mbichi zinadondosha kwenye kola. Na chini ya bomba la kinyozi, ndani ya ndoo, bukta yake ya kuogelea imelowekwa kama nguo ya mtoto.

"Shemeji, karibu!" Wembe akasema, huku anatafuta pa kujificha dukani kwake mwenyewe.

Nilifikiri nitapiga mayowe. Sikupiga. Nikaitoa ile bukta ndooni, nikaikamua mpaka tone la mwisho, nikaikunja, nikaondoka nayo. Nilisikia kiti kikiburuzwa nyuma yangu. Alinifuata, lakini hakuweza kunifikia. Nilimsikia anahema njia nzima, nami nilikuwa na hasira kiasi kwamba sikupunguza mwendo. Naandika hili kwa aibu. Kama angeanguka pale, ningekuwa dada yangu.

Tumefika nyumbani. Nimeshona, ameangalia ukuta. Mwisho nikamuuliza tangu lini.

"Tangu siku ya choo," akasema.

"Nilikuwa nakufanyia kipimo cha daktari!"

"Mimi najua. Bwawa zima halijui. Unajua wananiitaje sasa? Mzee Bomba. Miaka arobaini nimefunga mabomba ya mji huu, leo naulizwa mbele za watu kama nimefunga la nyumbani kwangu."

Ningecheka kama ingekuwa siku nyingine. Nikamwambia mvua zimebaki wiki chache, kwamba amecheza na roho yake, kwamba amenidanganya mimi niliyemfulia hiyo bukta kila siku.

"Ndoo umeninyang'anya," akasema. "Ufagio umeninyang'anya. Kamba za viatu unanifunga wewe. Nikilala unakuja kuweka mkono puani, unadhani sijui? Moyo wangu ndio mgonjwa, Mama, lakini aliyelazwa ni wewe."

"Naogopa," nikasema.

"Na mimi naogopa. Naogopa kuliko wewe. Lakini nikiogopa mbele yako, nani atabaki wa kukutuliza?"

Tumeishi wote miaka thelathini na nne, sijawahi kumsikia akitamka hilo neno. Nilijua anakasirika, nilijua anachoka. Kwamba anaogopa, nilidhani hiyo kazi amenipa mimi peke yangu.

Aprili 23

Nimekwenda kwa Kamanda peke yangu. Nimemwambia nataka Mzee arudi, na nitakaa mbali, kule kwenye viti vya nyuma, kimya kabisa.

"Hapana, mama," akasema. "Nilikuheshimu nikashindwa kukwambia. Mtu wa ukingoni huona kuzama tu. Uingie majini na wewe, au ubaki nyumbani."

Nikamwambia mimi na maji yaliyozidi beseni hatujawahi kuelewana. Basi nibaki nyumbani, akasema. Kuhusu kuongea na kuimba nisihofu, darasa lake lote ni la wambea, hakuna anayenyamaza humo.

Aprili 24

Nimeutoa ufagio nyuma ya mlango, nimeuegemeza pale anapouona. Na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga: ameichukua bukta kambani, ikiwa bado mbichi, ameondoka.

Aprili 25

Ameenda. Amerudi. Sijanusa.

Aprili 29

Ameenda. Amerudi. Sijanusa. Nashika meza nisinuse.

Mei 3

Dada amekuja kushonewa gauni. Amekuta Mzee anabeba ndoo kupandisha kibarazani, mimi nimekaa na uzi mdomoni. Akanikazia macho. Mzee alipoingia ndani dada akaninong'oneza, "Mwache abebe. Wangu nilimwambia kaa, pumzika, kila siku kaa. Alikaa."

Hajawahi kuniambia hilo. Nimempima gauni mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikuziona namba.

Mei 8

Kafagia ua mzima huku anaimba. Kwa mujibu wa daktari, anazembea. Nimemsikiliza mpaka mwisho wa wimbo.

Mei 13, Jumatatu

Mvua mbaya kuliko zote. Barabara ya bwawani imekatika, majirani wanasema maji yamefika magotini pale chini. Mzee aliondoka kabla haijaanza. Safari hii simu alikuwa nayo.

Sikumpigia. Niliishika, nikaiweka. Niliifunika kwa kitambaa cha mteja, nikaifunua. Nimeshona pindo la suruali moja, nikalifumua, nikalishona. Nilikwenda getini nikarudi. Nilisema na Mungu maneno ambayo hayakuwa dua, yalikuwa kama yale ya kumwambia mwenye duka kwamba nimekuwa mteja wako siku nyingi. Niliwaza hivi: kama amefia majini, amefia anakotaka, si kitini kwangu. Kisha nikajichukia kwa kuwaza hivyo.

Aliingia mchana, amelowa kuanzia utosini mpaka kucha. Alisimama kwenye kapeti, maji yanachuruzika, ananitazama. Mimi nimeshika meza.

Akaja mpaka kwenye cherehani, akainamisha kichwa.

"Haya, nusa."

"Sinusi."

"Nusa, Mama."

Alikaa vile vile, ameinama, mikono magotini, mpaka nikanusa. Ananuka bwawa. Mvua yote ile haikuiondoa ile dawa. Nililia juu ya utosi wake na yeye hakuinuka mpaka nikamaliza.

Kisha ndipo nikagundua. Alikuwa amepanda vidaraja vitatu kwa miguu iliyolowa, na hakuwa anahema.

Mei 20

Jua nusu siku. Soksi haikuacha alama. Nimeangalia miguu yote miwili.

Mei 27

Kesho kwa daktari. Mzee amenyoa. Nimekula vijiko viwili tu. Kifungua mimba amepiga yeye safari hii, mara tatu. Nimemwambia atafute shajara yake.

Mei 28, Jumanne

Tuliamka mapema. Mawingu yamekwisha, anga tupu. Niliosha vyombo uani, nikavaa, nikatafuta karatasi za hospitali ambazo zilikuwa mkononi mwangu. Tukatoka.

Walimbandika nyaya kifuani, wakampandisha kwenye baiskeli. Daktari aliniruhusu nikae kwenye kiti kando ya ukuta. Kila baada ya muda kidogo alikuwa anaongeza uzito, na pedeli zinakuwa ngumu. Jasho likaanza kumtoka Mzee kwenye paji. Mstari wa kwenye mashine unapanda na kushuka, siujui maana yake, nauangalia kama nausoma. Akaongezewa tena. Sasa mdomo uko wazi, mabega yanapanda. Nilitaka kusema taratibu. Niliuma ndani ya shavu.

"Mzee, bado unaweza kuongea?" daktari akauliza.

Mzee hakumjibu daktari. Aligeuza shingo, akanitafuta pale ukutani, jasho linamtiririka mpaka kidevuni.

"Mama," akasema, akavuta pumzi. "Bomba la uani. Umelifunga?"

Nesi akamtazama daktari, daktari akanitazama mimi. Sikukumbuka. Kwa mara ya kwanza tangu tuhamie nyumba ile, nilitoka bila kurudi kuliangalia.

Daktari amesema moyo haujapona, ila umeamka. Upasuaji ameuweka kando. Vidonge viendelee, maji yaendelee, aje tena baada ya miezi mitatu. Mzee alimshukuru, kisha akamwomba spana alikaze lile bomba la sinki. Lilikuwa bado linadondosha.

Tuliporudi, tulilisikia bomba kabla hatujafungua geti. Ua wote umefurika, ndala zangu za chooni zinaelea, ndoo imepinduka. Mzee alisimama kibarazani akiangalia yale maji, akaanza kucheka kidogo kidogo. Akafungua kamba mwenyewe, akavua viatu, akakunja suruali. Kisha akashuka, akayakata maji yanayomfika vifundoni, kifua mbele, viganja vinasukuma hewa kama yuko kwa Kamanda. Alikuwa anaimba.

Nilibaki pale juu kidogo. Kisha nami nikavua viatu vyangu, nikaingia.